Idhini ya Kukaza Msumari: Matengenezo Madogo katika Nyumba za Kupanga za Olmotonyi

Wataalamu wa majengo hutenganisha ukarabati, yaani kazi kubwa inayorudisha jengo zima au sehemu yake kuu katika hali nzuri, na matengenezo madogo, ambayo ni kazi inayoweza kumalizwa na fundi mmoja kwa saa chache, kwa vifaa vinavyouzwa katika duka la karibu, bila kugusa msingi, kuta kuu wala paa zima. Katika kundi hili la pili wamo washa ya koki iliyochakaa, bawaba iliyolegea, kitasa kisichofunga, kioo kilichopasuka, wavu wa mbu uliotoboka, soketi inayocheza ukutani na msumari wa bati ulionyanyuka. Kazi hizi ni rahisi na gharama yake ni ndogo, lakini ndizo zinazokaa muda mrefu zaidi bila kufanywa katika nyumba za kupanga. Maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba mwenye nyumba ni bahili au mpangaji ni mzembe, yana ukweli wake, ila hayatoshi, kwa sababu hayaelezi kwa nini kasoro hizohizo hudumu hata pale ambapo mwenye nyumba ana uwezo na mpangaji ni mtu makini. Sababu iliyo nzito zaidi ni ya kimpangilio: upangaji wa kawaida hautaji mtu mwenye idhini ya kuamua jambo dogo papo hapo, hivyo kuipata idhini hiyo hugharimu muda, vocha na subira kuliko kazi yenyewe.

Kata ya Olmotonyi, iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru katika Wilaya ya Arusha, kando ya barabara iendayo Namanga, ni mahali panapofaa kulipimia jambo hili. Chuo cha Misitu, kilichoanzishwa mwaka 1937, kimeleta eneo hilo wanafunzi na watumishi kwa vizazi kadhaa. Mji mdogo wa karibu wa Ngaramtoni una soko, hospitali na kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian katika ujirani wake. Na wafanyakazi wengi wa Arusha mjini wameona nafuu ya kulala huku na kupanda daladala asubuhi. Mahitaji hayo yamezaa soko la vyumba ambalo kwa sehemu kubwa haliendeshwi na kampuni. Linaendeshwa na familia zilizojenga safu ya vyumba katika uwanja wa ukoo, na watu wanaoishi kwingine waliojenga nyumba kama akiba ya uzeeni. Mpangaji wa geto la mwanafunzi na mpangaji wa nyumba nzima yenye uzio hukutana na tatizo lilelile kwa vipimo tofauti.

Mazingira yenyewe hayasamehe uzembe. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huja kwa nguvu, zikafuatwa na miezi ya baridi ambapo ukungu wa mlima huzuia ukuta uliolowa usikauke. Udongo wa majivu ya volkano, ambao ni mwepesi na wenye rutuba, humomonyoka kwa haraka pale maji ya bati yanapodondokea sehemu moja kwa sababu mfereji wa kukingia maji umening'inia au haupo. Mfano wa karibu zaidi ni paa. Mbao nyingi za kuezekea katika eneo la Meru hutoka katika miti laini ya kupandwa, yaani paini na saiprasi, na si nadra mbao kupigiliwa zikiwa bado mbichi. Mbao mbichi inapokauka husinyaa, tundu la msumari hulegea, na upepo unaotikisa bati humalizia kazi kwa kuunyanyua msumari kidogokidogo, huku mpira ulio chini ya kichwa chake ukikakamaa kwa jua mpaka ukapasuka. Maji yanayoingia hapo ni haba, na kwa majira mawili au matatu huonekana kama doa la rangi ya chai kwenye dari tu, lakini juu ya dari mambo yanakwenda kwa kanuni ambayo wanafunzi wa misitu wanaifahamu: kuvu wanaoozesha mbao hawastawi ikiwa unyevu wa mbao uko chini ya takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu, na huanza kazi unyevu ukipita hapo na kubaki. Kwa hiyo kasoro hii haiongezeki kwa mwendo ulio sawa. Huwa tuli kwa muda mrefu, kisha hubadili tabia, na kazi iliyokuwa ya msumari na nyundo ikawa ya kubadili mbao, dari na rangi ya ukuta.

Koki inayodondosha huonyesha sura nyingine ya jambo hilohilo, kwa kuwa hasara yake huanza siku ya kwanza. Tone moja kwa kila sekunde, kwa makadirio ya kawaida ya matone 4,000 katika lita moja, ni zaidi ya lita 21 kwa siku, yaani ndoo kubwa moja inayomwagwa kila siku ya Mungu. Kisababishi kwa kawaida ni washa, yaani kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti, kilichobanwa kwa miaka mpaka kikawa bapa na kigumu, na katika maeneo yenye mgao wa maji huchakaa mapema kwa sababu maji yanaporudi husukuma mchanga na kutu kutoka kwenye mabomba. Fundi hufunga valvu iliyo karibu na mita, hufungua kichwa cha koki kwa spana, hutoa mpira wa zamani na kuweka mpya. Fundi mzuri huangalia pia kikalio, yaani ukingo wa shaba ambao mpira hukaa juu yake, kwa kuwa kikalio kikiwa na mkwaruzo mpira mpya hukatika baada ya muda mfupi na mwenye nyumba huamini kwamba ameuziwa kifaa bandia. Hakuna katika hatua hizi jambo linalohitaji kikao. Hata hivyo, mara nyingi kikao ndicho kinachosubiriwa.

Sababu ya kwanza ya kusubiri iko katika namna kodi inavyolipwa. Katika Arusha, kama katika miji mingine ya Tanzania, kodi ya miezi mitatu, sita au hata kumi na miwili hulipwa kwa mkupuo, na mara nyingi fedha hiyo huwa na shughuli kabla haijafika: ada za shule, bati la nyumba nyingine, deni la saruji. Kasoro inapojitokeza mwezi wa nne, mwenye nyumba hana mapato ya upangaji yanayoingia ambayo angeyamega, na mpangaji hana kodi ya mwezi huo ambayo angeikata. Uhusiano wa kifedha kati yao umelala hadi mkupuo ujao, na pamoja nao hulala kila jambo linalodai shilingi chache. Dalali, aliyekuwa na juhudi kubwa siku ya kuonyesha chumba, alikwishachukua ujira wake na hana tena sababu ya kupokea simu.

Sababu ya pili ni kwamba mtu aliye karibu na kasoro mara chache ndiye mwenye kauli. Msimamizi, ambaye huenda akawa ndugu wa mwenye nyumba, mlinzi au mpangaji mkongwe, hupewa funguo na jukumu la kukusanya kodi lakini hapewi fungu la matumizi. Kila senti lazima iombwe, na kuomba mara kwa mara humfanya aonekane mtu wa gharama. Hali huwa ngumu zaidi katika nyumba za urithi. Mzee aliyejenga safu ya vyumba akifariki, kodi huendelea kukusanywa na mmoja wa watoto, ilhali mirathi haijafungwa na kila mrithi ana jicho lake kwenye fedha hiyo. Katika mazingira kama hayo anayetumia fedha kwa kubadili dari huweza kutuhumiwa kwamba ametafuna, wakati asiyetumia chochote hana la kujibu. Hivyo familia yenye watu sita wenye akili timamu huweza kuiacha nyumba yao ioze kwa uangalifu mkubwa. Anayeishi ndani yake, akiuliza, hujibiwa kwa heshima zote kwamba suala lake linajadiliwa.

Mpangaji naye ana hesabu zake, na si lazima ziwe za uzembe. Mwanafunzi anayekaa kwa miaka miwili au mfanyakazi anayeweza kuhamishwa wakati wowote haoni faida ya kuweka fedha katika mali ya mwingine, hasa pale anapohofia kwamba chumba kilichopendeza kitampandishia kodi yeye mwenyewe. Wapo wanaonyamaza kwa sababu malalamiko huwapa sifa ya usumbufu, na wapo waliokwisha kutengeneza kwa fedha zao, wakaahidiwa kwa maneno kwamba gharama itakatwa kwenye kodi, na siku ya hesabu ahadi ikakosa shahidi. Mtu aliyepitia hayo mara moja hujifunza kuweka ndoo chini ya koki. Katika viwanja vyenye vyumba vingi, ambako choo, bomba la nje na taa ya uani ni vya pamoja, tatizo huongezeka, kwa maana kila mpangaji hungoja mwenzake aanze kusema, na bili ya maji inayogawanywa sawa kwa vichwa humwondolea kila mmoja sehemu kubwa ya uchungu wa kile kinachovuja.

Methali ya ufa na ukuta, ambayo hutajwa kila mara jambo hili linapozungumzwa, humhimiza mtu aliye mwenye ufa na mwenye ukuta kwa pamoja. Haina neno kwa nyumba ambamo ufa huonekana na mmoja na ukuta humilikiwa na mwingine, na pengine ndiyo sababu watu huikariri pande zote mbili za mkataba bila kubadili chochote.

Historia ya nchi inazuia pia jibu jepesi kwamba tatizo ni aina ya mmiliki. Baada ya Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971, nyumba nyingi za kupangisha za mijini, Arusha ikiwemo, zilitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, ilipofika mwaka 1990. Kodi zilikuwa chini, sheria ya udhibiti wa kodi za pango ya mwaka 1984 ilizibana ziendelee kuwa hivyo, na mapato hayakutosheleza matengenezo. Rangi iliyobabuka na ngazi zenye giza zikawa alama ya nyumba za umma. Udhibiti huo ulifutwa mwaka 2005 na soko likaachwa huru. Wakati huohuo Arusha ilikuwa na wageni wenye kipato waliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa mjini humo kuanzia mwaka 1995 hadi 2015, na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kama kodi ya chini ndiyo ingekuwa chanzo pekee cha kulimbikiza matengenezo, kodi ya soko ingelimaliza tatizo. Imelipunguza katika nyumba za gharama kubwa za eneo la Njiro mjini Arusha na kwingineko, ambako mara nyingi mwenye nyumba huweka wakala mwenye fungu la matumizi, na katika vyumba vya kawaida imebadilisha kidogo sana.

Sheria iliyopo ina msimamo wa wazi kuliko wapangaji wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, katika vifungu vya 88 na 89, huweka masharti dokezwa, yaani masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa upangaji hata kama hayakuandikwa. Kwa upande wa mpangishaji, chumba au nyumba ya kuishi inapaswa kufaa kukaliwa na binadamu mwanzoni mwa upangaji na kuendelea kufaa katika kipindi chake chote. Na pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja hubaki juu yake. Kwa upande wa mpangaji, majengo yatunzwe katika hali ya kuridhisha na yarudishwe kama yalivyopokewa, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida, yaani kuchoka kwa kifaa kunakotokana na matumizi ya haki na kupita kwa muda. Sheria hiyohiyo inaruhusu upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja ufungwe hata kwa mdomo. Huko Olmotonyi, ambako baadhi ya viwanja ni ardhi ya kijiji inayoongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, hoja ya kisheria huhitaji kwanza kujua ardhi yenyewe ni ya aina gani, jambo ambalo mpangaji wa chumba kimoja hana sababu wala njia ya kulichunguza.

Ukisoma masharti hayo kwa makini, yanaibua mwanya mahali palepale panapohitaji kuzibwa. Paa linalovuja ni la mpangishaji. Dirisha lililovunjwa na mpira wa mtoto wa mpangaji ni la mpangaji. Lakini washa ya koki, ambayo imekufa kwa uchakavu wa kawaida na ambayo kufa kwake hakuifanyi nyumba isifae kukaliwa, haina mwenyewe aliye dhahiri. Na hata pale haki inapokuwa dhahiri, njia ya kuidai ni ndefu kuliko jambo lenyewe: tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata limebaki na kazi ya kupatanisha tu, ndani ya siku 30, na lisipofaulu mlalamikaji anapaswa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hakuna mtu mwenye busara atakayefungua shauri kwa ajili ya bawaba. Adhabu halisi ambayo mpangaji anayo ni kuhama, na katika eneo lenye uhaba wa vyumba muhula wa masomo unapoanza, hata hiyo ni butu.

Nchi nyingine zimekabili mwanya huu kwa njia tofauti zenye mafunzo. Uingereza, ambayo sheria yake itokanayo na maamuzi ya mahakama iliathiri sana ile ya Tanganyika, ilipata kauli maarufu ya Jaji Denning katika shauri la Warren dhidi ya Keen la mwaka 1953, aliyeeleza kwamba mpangaji wa muda mfupi hapaswi kubeba matengenezo ya jengo, ila hutakiwa kuishi kama mpangaji mstaarabu: azibue sinki aliloliziba mwenyewe, ashughulike na taa, afanye kazi ndogondogo za nyumbani ambazo mtu yeyote wa kawaida angezifanya. Ni kipimo cha kiungwana, lakini huacha mpaka uamuliwe na jaji baada ya ugomvi. Ufaransa ilichukua njia ya daftari: amri ya serikali ya Agosti 1987 iliorodhesha matengenezo yanayomhusu mpangaji hadi kufikia kubadilisha mipira ya koki na kutia mafuta bawaba, hivyo kwamba swali la nani alipie washa lina jibu lililochapishwa. Nchini Ujerumani mikataba mingi huweka kifungu cha matengenezo madogo chenye kikomo cha fedha kwa kila tukio. Jirani wa karibu, Uganda, alitunga mwaka 2022 sheria ya wapangishaji na wapangaji inayotaja wajibu wa matengenezo kwa uwazi kuliko ilivyokuwa kabla. Kati ya njia hizi, ile ya kikomo cha fedha ndiyo inayofaa zaidi mazingira ya Olmotonyi, kwa sababu haihitaji Bunge. Inahitaji aya moja katika karatasi ambayo pande mbili zinatia saini kwa vyovyote vile.

Aya hiyo hufanya kazi ikiwa inajibu maswali manne tu: kiasi gani cha fedha mpangaji anaweza kutumia kwa kasoro moja bila kuomba ruhusa, baada ya kutoa taarifa kwa njia gani na kungoja siku ngapi, ushahidi gani utunzwe, na fedha irudishwe vipi. Picha iliyotumwa kwa simu kabla ya kazi, nyingine baada ya kazi, na risiti ya duka la vifaa hutosha kwa ushahidi. Na kwa kuwa kodi ni ya mkupuo, ni vema isemwe kwamba makato yatafanyika katika mkupuo ufuatao, na kama mpangaji anaondoka, alipwe taslimu siku ya kukabidhi funguo. Kikomo kikiwa kidogo mno hakifuniki hata ujira wa fundi, na kikiwa kikubwa mno mwenye nyumba hatakubali. Kiasi kinachofunika kazi ya nusu siku pamoja na kifaa chake ndicho kinachoeleweka na pande zote. Msimamizi naye anufaike na kikomo kilekile, ili asigeuke karani wa kupeleka maombi.

Baadhi ya kazi hazifai kuachiwa mpangaji hata kama ni nafuu. Umeme ni wa kwanza. Soketi inayocheza huwa na nyaya zilizolegea, mahali palipolegea hupata joto, na joto hilo ndilo huunguza plastiki na hatimaye nyumba. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, wala si ya yule ambaye mtaani huitwa fundi Maiko, hodari wa kila kitu na bingwa wa hakuna. Kupanda juu ya bati ni kazi nyingine ya namna hiyo, kwani anayekaza msumari mmoja kwa kukanyaga katikati ya mbao mbili hushuka akiwa ameacha mikunjo ambayo itavuja msimu ujao.

Kwa mwenye nyumba, swali la fedha ni rahisi kuliko linavyoonekana, mradi kodi isihesabiwe yote kuwa faida. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika taarifa ya mwaka 1990 kuhusu majengo ya umma, lilipendekeza fungu la matengenezo la kila mwaka la asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya. Kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa kama kilivyo kwenye safu ya vyumba vya matofali, ambayo haina lifti wala mitambo, lakini kanuni yake inahamishika: fungu hupimwa kwa thamani ya jengo na hutengwa kabla ya matumizi mengine, siku ileile mkupuo unapopokewa. Katika nyumba ya urithi, fungu lililotengwa kwa makubaliano ya warithi wote lina faida ya ziada, kwa kuwa humwondolea mkusanyaji wa kodi tuhuma, na kwa familia nyingi hiyo ni nafuu kubwa kuliko fedha.

Lililobaki ni hali ya nyumba siku ya kuingia, ambayo karibu haiandikwi kamwe. Bila orodha iliyosainiwa ya vitasa, vioo, koki, soketi na madoa ya dari yaliyokuwapo, uchakavu wa kawaida hauwezi kutofautishwa na uharibifu, na amana ya mpangaji, pale inapotozwa, hugeuka uwanja wa mvutano siku ya kutoka. Katika eneo linalotegemea chuo, wapangaji wengi huingia kwa pamoja muhula unapoanza mwishoni mwa mwaka, karibu na mvua za vuli, wakati ambapo mwenye nyumba anawaza kujaza vyumba na mpangaji anawaza pa kuweka godoro. Ukaguzi unaofanywa Februari, mbao zikiwa zimekauka, misumari iliyolegea ikionekana na wiki kadhaa zikiwa bado zimebaki kabla ya masika, ungegundua mengi zaidi. Ila mwezi huo hakuna anayeingia wala kutoka, na kodi ilishalipwa.